Assure, ensure au insure: kitenzi kipi uandike, na kwa nini

Chukua sentensi hii, ya aina inayokutwa kwenye barua za zabuni: "We assure that the building will be ready by 30 June and we shall ensure it against fire." Mwandishi alitaka kumwambia mteja kwamba anamhakikishia jengo litakuwa tayari ifikapo tarehe 30 Juni, na kwamba atalikatia bima ya moto. Kiingereza alichoandika hakisemi hivyo. Sehemu ya kwanza imekosa mtu anayehakikishiwa. Sehemu ya pili haina bima ndani yake. Jengo likiungua, wakili wa upande wa pili hatahitaji kutafuta mbali pa kuanzia ubishi.

Assure, ensure na insure vinafanana kwa sauti na kwa maandishi kwa sababu ni ndugu wa damu. Ensure na insure hutamkwa sawasawa na wasemaji wengi wa Kiingereza, kitu kama "inshua", kwa hiyo sikio halikusaidii hata kidogo. Assure inajitenga kwa irabu ya mwanzo tu, tena irabu hafifu. Kinachosaidia ni kutazama kile kinachofuata kitenzi. Na hapo mtu aliyekulia kwenye Kiswahili ana kipimo ambacho Mwingereza mwenyewe hana.

Kipimo kilichomo kwenye Kiswahili

Sema sentensi yako kwa Kiswahili kwanza, kisha uangalie kitenzi kilichojitokeza.

| Kiswahili | Kiingereza | Kinachofuata kitenzi | Mfano |
|---|---|---|---|
| hakikishia | assure | mtu | I assure you that the money has been sent. |
| hakikisha | ensure | jambo au matokeo | Ensure that the valve is closed. |
| katia bima | insure | mali, maisha au mtu, kwa fedha | They insured the boat for 20 million shillings. |

Tofauti ya mistari miwili ya kwanza imebebwa na herufi moja, ile i ya kauli ya kutendea. "Hakikisha" haihitaji mtu: hakikisha mlango umefungwa, basi, sentensi imetimia. Ukiingiza i, kitenzi kinaanza kudai mtu. Huwezi kusema "waziri alihakikishia kwamba maji yatarudi" ukanyamaza. Msikilizaji atakuuliza alimhakikishia nani. Lazima iwe "aliwahakikishia wananchi". Assure inadai mtu vivyo hivyo, na haikubali kunyimwa.

Kwa hiyo "The minister assured that water would be restored" ni kosa, ingawa linachapishwa kila wiki. Sahihi ni "The minister assured residents that water would be restored." Kama hutaki kumtaja anayehakikishiwa, badili kitenzi: "The minister said", "The minister promised". Hivyo viwili havidai mtu.

Walikotoka: pasipo wasiwasi

Baba yao ni neno la Kilatini securus, lililoundwa kwa vipande viwili: se, yaani pasipo, na cura, yaani wasiwasi, shughuli ya moyo, uangalizi. Aliye securus ni mtu asiye na wasiwasi. Neno lilizungumzia moyo, halikuzungumzia kufuli. Kwa usalama wenyewe, ule wa kukingwa na hatari, Warumi walikuwa na neno jingine, tutus. Mtu angeweza kuwa securus wakati moto unakaribia nyumba yake, madhali hana habari, na ndiyo maana neno lilibeba pia kivuli cha uzembe. Kivuli hicho kilifika hadi Kiingereza cha Shakespeare: katika tamthilia ya Macbeth, Hecate, mungu wa kike wa uchawi, anasema security ni adui mkubwa kuliko wote wa wanadamu, akiwa na maana ya kujiona salama kupita kiasi.

Cura hiyohiyo imezaa maneno mengi ambayo watu hawayaoni kuwa jamaa: cure, kuponya, accurate, kitu kilichofanywa kwa uangalifu, curious, ambaye zamani alikuwa mtu mwangalifu kabla ya kuwa mdadisi, na sinecure, cheo chenye mshahara pasipo kazi. Care haimo, ingawa kwa sura na maana inaelekea kuwa mmoja wao. Care ni neno la ukoo wa lugha za Kijerumani, lililokuwa caru kwenye Kiingereza cha kale. Kufanana kwake na cura ni bahati tu, na wanaofundisha kwamba vina mzizi mmoja wanawapotosha wanafunzi.

Kutoka Roma securus ilipita Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na njiani ikapungua. Ile c iliyokaa katikati ya irabu ililegea ikawa g, kisha ikatoweka. Wahispania na Wareno walisimama kwenye g na mpaka leo wanasema seguro. Wafaransa walienda mbele zaidi wakabaki na seur, ambayo sasa ni sûr, na baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 neno hilo likapata njia ya kuingia Kiingereza kama sure. Baadaye, miaka ya 1500, wasomi walirudi kwenye Kilatini chenyewe wakachukua secure. Sure na secure, kwa hiyo, ni neno moja lililoingia mara mbili kwa milango tofauti, kama sisi tulivyo na shule kutoka kwa Wajerumani na skuli kutoka kwa Waingereza, yote mawili yakirudi kwenye schola ya Kilatini.

Viambishi ndivyo vilivyogawa kazi. Assure ina ad-, yenye maana ya kuelekea, kwa. Mbele ya s ile d hugeuka kuwa s nyingine, ndiyo sababu ya ss mbili. Kiunzi chake ni kumpelekea mtu hali ya kutokuwa na wasiwasi. Ni kazi ileile inayofanywa na i ya "hakikishia", japo lugha hizi mbili hazina udugu wowote. Ensure ina en- ya Kifaransa, iliyotokana na in- ya Kilatini, yenye maana ya kutia katika hali fulani: kulifanya jambo liwe la hakika. Hapa hakuna mtu anayepelekewa kitu.

Na insure? Kwa asili ni ensure hiyohiyo, imeandikwa tu kwa in- ya Kilatini badala ya en- ya Kifaransa, kama enquire na inquire. Kwa muda mrefu zilikuwa tahajia mbili za neno moja, na mwandishi angeweza kutumia zote kwenye ukurasa mmoja bila mtu kumsahihisha. Biashara ya bima ndiyo iliyozitenganisha. In- hiyo si kanusho: in- ya insecure inakana, in- ya insure haikani.

Ukizitazama hivi, assure ndiyo iliyobaki karibu zaidi na mzizi, kwa kuwa bado inashughulika na moyo wa mtu. Ensure ilihamia kwenye mambo. Insure ilihamia kwenye fedha. Anayeshika hilo hahitaji kukariri kanuni nyingine.

Assure: kuna mtu mbele yako

Mifumo yake ni mitatu tu inayofaa kujua. Kwanza, assure, mtu, that: "The doctor assured her that the child would recover." Pili, assure, mtu, of, jina: "The bank assured us of its support." Tatu, kauli ya kutendwa, ambapo mtu anakuwa kiima cha sentensi: "I was assured that the goods were in store", nilihakikishiwa kwamba bidhaa ziko ghalani. Katika mfumo wa tatu hakuna mtu baada ya kitenzi kwa sababu amekwisha kutangulia. Hilo si ruhusa ya kumwacha kwenye mifumo miwili ya kwanza.

Assure haibadilishi chochote nje ya kichwa cha msikilizaji. Fundi anayesema "I assure you the brakes are fine" amekutuliza. Breki ziko vilevile kama zilivyokuwa. Fundi anayeandika "I have ensured that the brakes work" anadai kwamba amefanya jambo. Kwenye ripoti ya kazi, tofauti hiyo ni ya uwajibikaji. Anayetaka kuonyesha alichotenda asiandike assure.

Wafasiri wa Biblia waliiona maana hii ya kutuliza. Pale ambapo tafsiri ya King James ya mwaka 1611, Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:19, inasema "shall assure our hearts", Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "tutaituliza mioyo yetu". Hawakuandika "tutaihakikishia mioyo", na walifanya vizuri. Ukikutana na assure au reassure kwenye matini yenye huzuni, hofu au ugonjwa, jaribu kwanza tuliza, ondoa hofu, tia moyo. Hakikishia ni ya barua rasmi na ahadi.

"Rest assured" inawakwaza wengi. Imewahi kutafsiriwa kwa kuingiza "pumzika", na si hivyo. Rest hiyo ni kubaki, kutoka restare ya Kilatini kupitia Kifaransa. Ya kupumzika ni neno jingine, la ukoo wa lugha za Kijerumani, lililokuja kufanana nayo. "Rest assured that your file is safe" ni "ondoa shaka, faili lako liko salama."

Kuna matumizi mamoja ambapo assure hufuatwa na jambo badala ya mtu: "The goal assured their place in the final." Waingereza huandika hivyo hasa kwenye michezo na siasa, maana yake ni kwamba jambo limekuwa la hakika. Si kosa, lakini ensured ingefaa vilevile pale, na kwa anayejifunza ni salama zaidi kukaa kwenye mtu.

Ensure: matokeo, na makosa matatu yanayorudiarudia

Ensure hufuatwa na that na sentensi kamili, au na jina la jambo: "Ensure that the tank is empty", "to ensure safety". Ni neno rasmi. Kwenye mazungumzo Waingereza husema make sure, na barua pepe ya kawaida kwa mwenzako ofisini husomeka vizuri zaidi ukiandika make sure kuliko ensure.

Kosa la kwanza ni kuifuatisha na to. "Ensure to bring your ID" imeenea sana Afrika, na chanzo chake si kigumu kukiona: watu wamechanganya "be sure to bring" na "ensure that you bring". Chagua moja kati ya hizo. Ensure to haipo kwenye Kiingereza sanifu.

Kosa la pili ni will baada ya that. Kiswahili kinaruhusu "hakikisha atakuja", na mtu anakuta ameandika "Ensure that all windows will be closed." Agizo la namna hii kwa Kiingereza huchukua wakati uliopo hata kama tendo ni la baadaye: "Ensure that all windows are closed before you leave."

Kosa la tatu ndilo zito, na linastahili nafasi, kwa sababu hapa kipimo chetu cha Kiswahili chenyewe kinaweza kukudanganya. "Hakikisha" ina maana mbili. Ukisema "nilihakikisha watoto wamekula", pengine uliwapikia na kuwasimamia mpaka wakamaliza. Pengine uliwauliza tu kama wamekula. Ya kwanza ni kufanya jambo litokee. Ya pili ni kuchunguza kama jambo limetokea. Ensure inashika ile ya kwanza peke yake. Ya pili ni check, confirm au verify.

Tazama hii: "I went to the bank to ensure whether the money had arrived." Aliyeandika hakuwa na uwezo wa kuileta fedha, alikwenda kuangalia. Kwa hiyo: "I went to the bank to check whether the money had arrived." Neno whether ndilo linalomfichua. Ensure haikai na whether wala if kamwe, kwa sababu haiulizi. Ukijikuta unataka kuandika whether, tupa ensure.

Kabla ya kutafsiri "hakikisha", jiulize: je, ningeweza kuweka "thibitisha" au "angalia" mahali pake bila maana kuharibika? Ikiwezekana, ensure haifai. Isipowezekana, inafaa. Kati ya wale watatu wa kuchunguza, check ndiyo ya kila siku. Confirm, kutoka firmus, imara, ni kulitia nguvu jambo ambalo tayari unalidhania. Verify, kutoka verus, kweli, ni kulinganisha na ushahidi, kama nambari ya akaunti na hati ya benki. Check ya hapa, kwa njia, imepita kwenye mchezo wa sataranji na inarudi kwa shah, mfalme wa Kiajemi anayetishwa kwenye ubao.

Make sure hubeba maana zote mbili za "hakikisha", na ndiyo sababu ni kimbilio zuri. Ukishindwa kuamua, make sure haitakuaibisha popote isipokuwa kwenye mkataba, ambako lugha hulegea nayo.

Insure: panapoingia ada na fidia

Hapa kigezo ni kimoja: kuna bima inayolipiwa au hakuna? Ikiwepo, insure. Isipokuwepo, siyo.

Mpangilio wake kamili ni insure, kitu, with kampuni, against hatari, for kiasi. Vyote si lazima viwepo, lakini vihusishi hivyo vya Kiingereza haviwezi kubadilishana. "She insured the lorry against theft" ni sahihi. "From theft" hapana. "Insured for 60 million shillings" hutaja kiwango cha juu cha fidia, si ada inayolipwa. Aliyeandika "I insured my car for 600,000 shillings" akimaanisha alicholipa dirishani amesema kwamba gari lake likipotea atalipwa si zaidi ya laki sita. Ada ni premium: "I paid a premium of 600,000 shillings."

Bima ndogo, kama inavyoitwa Tanzania, ni third-party insurance: inawalipa uliowaumiza au ulioharibu mali zao, gari lako halimo. Bima kubwa ni comprehensive. Usitafsiri kwa small na big insurance; Mwingereza atakuuliza ni kampuni ndogo au kubwa. Mkata bima ni the insured au policyholder, kampuni ni the insurer. Ukibadili herufi, maana inageuka: "an insured driver" ni dereva mwenye bima, "an assured driver" ni dereva anayejiamini. Wa pili anaweza kuwa hana bima yoyote.

Katika mkataba wa ugavi, linganisha vifungu hivi viwili. "The Supplier shall ensure the goods until delivery" hakina maana inayoshikika. Ensure goods ni kuhakikisha kwamba bidhaa zinapatikana, pengine. "The Supplier shall insure the goods until delivery" kinasema nani analipa ada mpaka mzigo umfikie mnunuzi. Herufi moja, e au i, ndiyo inayoamua nani atabeba hasara ya kontena lililozama.

Inafaa kujua kwamba neno letu bima lilitujia kutoka India, na linahusishwa na bīm ya Kiajemi, hofu. Waarabu wanaita taamini, kutoka mzizi wa amani, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanalijua vizuri. Kilatini kilianza na kutokuwa na wasiwasi. Picha moja ya moyo, katika lugha tatu.

Life assurance na motor insurance

Kwa nini kampuni nyingine zina Assurance kwenye jina na nyingine Insurance, na zote zinauza bima? Kwa sababu assurance ndilo neno lililotangulia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1601 kuhusu bima za wafanyabiashara ilitumia neno assurances. Insurance ilianza kutumika zaidi kwa moto, biashara iliyokua baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, kisha ikaenea mpaka ikafunika zote. Majina ya zamani yalibaki: London Assurance na Royal Exchange Assurance zote zilipata hati ya kifalme mwaka 1720.

Baadaye Waingereza walijenga tofauti ya kitaalamu. Assurance ni ya jambo ambalo hakika litatokea, siku tu ndiyo haijulikani, yaani kifo. Insurance ni ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee, kama wizi au ajali. Kwa hiyo life assurance, lakini motor insurance na fire insurance. Kenya, Uganda na Tanzania zimerithi utaratibu huo, ingawa life insurance nayo imeenea na haimkwazi mtu.

Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906 inaonyesha mchanganyiko huu waziwazi: jina lake ni Marine Insurance Act, lakini ndani yake mkata bima anaitwa the assured, na kampuni the insurer. Ukitafsiri hati za meli, the assured ni mkata bima. Usimwite mtu aliyehakikishiwa.

Nasaha yetu: fuata hati iliyo mbele yako. Kama hati ya bima inasema life assured, andika hivyo mpaka mwisho. Kama unaandika jambo lako mwenyewe, insurance inatosha kwa kila aina ya bima. Lakini hilo la majina lisikuvute kwenye vitenzi: hakuna mtu wa leo anayeandika "I assured my car".

Wamarekani na wanaotoka Kifaransa

Utangulizi wa Katiba ya Marekani, mwaka 1787, una maneno "insure domestic Tranquility". Hakuna bima pale. Ni ensure ya leo, kwa tahajia ya wakati ambapo zote mbili ziliruhusiwa. Kamusi za Marekani bado zinaikubali insure kwa maana hiyo, na utaikuta kwenye barua za huko. Usiiige. Anayeandikia wasomaji wa Afrika Mashariki, waliosoma Kiingereza cha Uingereza, akiandika "to insure quality" ataonekana amekosea, na hata Marekani ensure haimkwazi msomaji.

Kwa wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa, mtego ni mwingine. Assurer ya Kifaransa hufanya kazi zote tatu: kumhakikishia mtu, kuhakikisha jambo na kukata bima. Kitaliano nacho ni vivyo hivyo na assicurare. Anayehamia Kiingereza hujikuta anaandika assure kila mahali: "to assure the security of the site". Akipitia maandishi yake aziwekee alama assure zote, kisha aulize kila moja: mtu yuko wapi? Asipomwona, abadili kuwa ensure. Kipimo cha hakikisha na hakikishia kinamfaa kuliko Kifaransa chake.

Secure, na jina linalokosekana

Secure, ndugu wa nne, ina njia yake na haigombani sana na hawa. Ni kufunga kitu kisitoke: "Secure the load with ropes." Ni kupata kwa jitihada: "She secured a scholarship." Na ni kuweka dhamana: a secured loan ni mkopo wenye dhamana, kama hati ya nyumba. Mkopo wenye bima ni kitu kingine kabisa, insured loan, na mkopaji anaweza kutakiwa kuwa na vyote viwili.

Mwisho ni suala la majina. Assure ina assurance, insure ina insurance, ensure haina kitu; ensurance iliwahi kuandikwa ikafa. Ndiyo maana quality assurance, uhakikisho wa ubora, inatumia jina la assure ingawa ndani yake kuna pia kazi ya ensure: taratibu zinazofanya ubora upatikane. Ukihitaji jina la ensure kwenye mkataba, rudi kwenye kitenzi, au tumia guarantee ukiwa tayari kubeba uzito wake. Guarantee ni kudhamini, na anayedhamini hulipa ahadi inapovunjika.

Sasa ile sentensi ya zabuni. Masahihisho ya chini kabisa ni haya: "We assure you that the building will be ready by 30 June, and we shall insure it against fire." Imeingia you, na e imekuwa i. Kwa barua inatosha. Kwa mkataba haitoshi, kwa kuwa assure humtuliza tu msomaji na haimfungi mjenzi kwa tarehe. Pale andika: "The Contractor shall complete the building by 30 June and shall insure it against fire, for its full value, in the joint names of both parties, until handover." Shall ndiyo inayofunga, full value inazuia bima pungufu, joint names inawaingiza wote wawili kwenye hati moja, na until handover inataja siku ambayo ada inaacha kuwa mzigo wa mjenzi.